Boti ya faiba ya futi 19 iliyotelekezwa: niinunue pamoja na mashine yake, au niachane nayo?

Mwambani_Tanga

Ndugu wanajamvi, salaam. Naomba ushauri wa wale waliowahi kufufua boti ya faiba iliyokaa muda mrefu bila kuguswa, kwa sababu hapa Tanga kila fundi ninayemwuliza hunipa jibu linalolingana na kazi anayoiuza yeye mwenyewe. Wa mashine anasema tatizo ni mashine, wa rangi anasema ipigwe rangi tu iingie majini.

Boti yenyewe ina urefu wa futi 19, sakafu yake imefunikwa kabisa, ina viti viwili na usukani wa pembeni. Zamani ilikuwa ya hoteli moja ya ufukweni iliyoitumia kupeleka wageni kwenye miamba, na hoteli ilipofungwa ikaachwa chini ya mkungu bila turubai. Hakuna aliyekumbuka kutoa kizibo cha nyuma, kwa hiyo masika baada ya masika imekuwa ikijaa maji ya mvua na majani hadi kufikia kwenye viti. Mashine ni Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, ya mipigo miwili na silinda mbili, nayo imebaki imefungwa palepale nyuma ya boti muda wote huo. Ukivuta kamba ya kuwashia haisogei hata kidogo.

Anayeuza anataka shilingi milioni 7 kwa vyote viwili, au milioni 4 kwa boti peke yake. Ukilinganisha na bei ya boti mpya ni nafuu kubwa, na bodi kwa nje inaonekana nzima. Kilichonitia wasiwasi ni uzito. Boti ya mwenzangu ya ukubwa huohuo, vijana sita huinyanyua omo (upande wa mbele) na kuisukuma juu ya magogo bila taabu. Hii, baada ya kutoa kizibo na kuacha maji yatoke mpaka yakakauka, vijana wanane walishindwa kuinua hata upande mmoja. Zaidi ya hapo, kwenye pembe mbili za chini za ubao wa tezi (ukuta wa nyuma unaobeba mashine) kuna nyufa nyembamba, na nikiishika mashine kwa juu na kuivuta kuelekea kwangu, ubao unacheza kidogo.

Nia yangu ni kuvua kwa mishipi pande za visiwa vya Yambe na Karange, na pengine siku moja moja kubeba watu. Je, boti ya namna hii inafaa kufufuliwa, na kama inafaa, ipi iwe kazi ya kwanza?

Fundi_Faiba_Mtwapa

Ndugu yangu wa Tanga, umejijibu nusu ya swali bila kujua. Boti ya faiba iliyokwisha kumwaga maji yote na bado haiinuliki na watu wanane ina maji mengine ambayo hayawezi kutoka kwa njia ya kizibo. Chini ya sakafu iliyofunikwa, watengenezaji wengi humimina povu la polyurethane ili boti isizame hata ikijaa. Povu hilo likiwa jipya halinywi maji, kwa kuwa vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, lakini likilala ndani ya maji mwaka baada ya mwaka, maji hupenya kidogo kidogo, na yakishaingia hayatoki hata ukiianika boti juani kiangazi kizima. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kama nafasi ya chini ya sakafu ina ujazo wa lita 300 na povu limekunywa nusu yake tu, umebeba kilo 150, sawa na watu wazima wawili waliopanda na hawashuki tena. Boti itakaa chini majini, itakula petroli zaidi, itachelewa kuinuka juu ya maji, na siku utakapojaa maji kwa dhoruba, povu ulilolitegemea likuokoe litakuwa limekwisha kushiba kabla yako.

Hilo la uzito si la urembo, basi. Sakafu itafunguliwa na povu litatolewa, hakuna njia ya mkato. Mtu akikuambia atoboe matundu sakafuni likauke lenyewe, mshukuru na uendelee na safari yako.

Sasa njoo kwenye ubao wa tezi, ambao ndio utakaoamua kama unanunua boti au unanunua ganda. Ukuta huo wa nyuma kwa kawaida una tabaka tatu: ngozi ya faiba ya nje, plaiwudi katikati, na ngozi ya faiba ya ndani. Nguvu ya kubeba mashine na kusukuma boti inapita hapo kote. Plaiwudi ikikauka na ikashikana na ngozi zote mbili, ukuta huo haupindi. Maji yakiingia, na karibu kila mara huingia kwa matundu ya bolti za mashine au kwa tundu la kizibo ambalo halikuzibwa vizuri kiwandani, mbao huoza kimyakimya huku ngozi ya nje ikibaki inang'aa. Nyufa za pembeni na kule kucheza ulikokuona ni dalili zinazojulikana, ila dalili bado si ushahidi.

Ushahidi unaupata hivi. Kwanza gonga ubao wote kwa mpini wa bisibisi, kuanzia juu kushuka chini. Penye uzima sauti ni kavu na kali, penye uozo inakuwa nzito na butu. Kisha mwombe mwenye mali ruhusa ya kutoboa, na asipokuruhusu umepata jibu lako. Chukua keekee (kifaa cha kutobolea) ya milimita 6, funga utepe kwenye kina cha sentimita 3 ili usitokeze nje, na utoboe kutokea ndani ya boti: mahali pa kwanza ni juu kidogo ya kizibo, pa pili ni chini ya bolti za mashine, kisha kwenye zile pembe zenye nyufa, na mwisho pembeni juu ambapo maji hayafiki kirahisi, ili uwe na cha kulinganisha. Uangalie unga unaotoka na keekee. Ukiwa mweupe na mkavu, wenye harufu ya mbao, pana uhai. Ukiwa mweusi, umelowa, unanata kidoleni na unanuka uvundo wa ngama (maji yanayooza chini ya chombo), hapo hakuna cha kutibu. Ziba kila tundu kwa epoksi (gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu) siku ileile.

Ganda lenyewe pia ulipitie. Lala chini ukague mkuku (uti wa chini wa boti) na sehemu inayokaa mchangani, kwa maana boti za hoteli huburutwa sana na faiba ya chini huliwa hadi nyuzi zikaonekana. Vipele vidogo kwenye jelikoti (tabaka la juu linalong'aa) visikutishe kupita kiasi, vinatengenezeka. Kinachotisha ni ukibonyeza bodi kwa kiganja na ikabonyea, au tabaka za faiba zikiwa zimeachana.

Boti yenye ubao uliooza na povu lililolowa haijafa, lakini thamani yake ni ya ganda tu. Milioni 4 kwa ganda ni nyingi.

Mashine_Kilindoni

Nakubaliana na fundi wa Mtwapa kwa kila alilolisema juu ya bodi, ila kwa mpangilio wa kazi napishana naye. Kabla hujatoboa tundu hata moja, ianze mashine. Sababu yangu ni ya hesabu: bodi tunajua tayari kwamba inahitaji kufunguliwa, kwa hiyo bei yake itashuka vyovyote vile. Mashine ndiyo inayoficha milioni 3 za tofauti aliyoitaja muuzaji, nayo ukweli wake unaupata kwa asubuhi moja ukiwa na spana ya plagi na tochi.

Mashine isiyosogea si lazima iwe imekufa. Mara nyingi ringi za pistoni zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu nyepesi, na hilo hulegea. Usivute kamba kwa nguvu, wala usitie ufunguo mrefu kwenye flaiwili (gurudumu zito la juu ya mashine) na kuning'inia, kwa sababu ringi zitakatika na kuchana silinda. Fungua plagi zote mbili, mulika ndani, na uangalie kabla ya kumimina kitu chochote. Ukiona kutu ya rangi ya machungwa iliyotanda kwa wembamba, endelea. Ukiona maganda meupe ya chumvi, maana yake maji ya bahari yaliingia ndani, na mashine hiyo inunuliwe kwa bei ya vipuri. Penye matumaini, mimina mafuta ya kulegeza kutu katika kila silinda, rudisha plagi kwa mkono bila kukaza, na uiache siku kadhaa ukiongeza mafuta kila siku. Halafu jaribu kuzungusha flaiwili kwa mikono, kidogo mbele na kidogo nyuma. Ikishaanza kutikisika hata kwa upana wa kidole, usiwe na haraka.

Ikizunguka, azima geji ya kupimia kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Namba yenyewe hainishughulishi sana kama uwiano: silinda mbili zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10, au 15 ukiwa mvumilivu. Moja ikiwa chini sana kuliko mwenzake, mashine itafunguliwa, na gharama ya kuifungua iingie kwenye mazungumzo ya bei.

Baada ya hapo shuka kwenye mguu wa mashine, sehemu ya chini inayozama majini. Weka chombo safi chini, fungua skurubu ya chini ya oili ya gia, kisha ya juu. Oili nyeusi ni ya zamani tu. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake, kwa hiyo sili (mipira ya kuzuia maji) za shafti ya rafadha, yaani panga la kusukuma boti, zimechoka. Kama maji yametoka kwanza peke yake, kabla ya oili, gia zimelala majini na lazima mguu ufunguliwe kabla mashine haijawashwa. Ukija kujaza oili mpya, ijaze kwa kuisukuma kutoka tundu la chini mpaka ichuruzike tundu la juu bila mapovu. Wanaomimina kutoka juu hufungia hewa ndani na kudhani gia imejaa.

Swali langu kwako: mashine ilikuwa imeinuliwa au imesimama wima? Na kifuniko chake cha juu kipo?

Nahodha_Mstaafu

Wakuu mmeingia haraka kwenye spana, nami niseme neno la karatasi. Hoteli inapofungwa, mara nyingi anayeuza vitu vyake ni yule aliyebaki na ufunguo, na huyo anaweza kuwa mlinzi anayedai mishahara yake au jirani aliyechoka kuona boti uani. Mwombe hati ya umiliki au barua ya wenye mali, na namba ya mashine iliyo kwenye mabano yanayoishikilia kwenye boti uipeleke polisi kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mashine za kupachika huibwa sana kwenye mwambao huu wote, nawe hutaki kuja kuonyeshwa namba hiyo na askari wa doria ukiwa katikati ya maji. Angalia pia upande wa kulia wa ubao wa tezi, karibu na ukingo wa juu: boti iliyoagizwa kutoka Marekani au Ulaya huwa na namba ya bodi iliyochapwa hapo. Fundi akikata au kupaka juu yake, utakuwa umefuta cheti cha kuzaliwa cha boti yako, kwa hiyo ipige picha mapema.

Kuhusu kubeba watu: kwa Bara ukaguzi na usajili wa vyombo uko chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya ni KMA, mamlaka ya bahari ya huko. Boti ya kuvulia na boti ya abiria hazikaguliwi kwa jicho moja. Nenda ukaulize sasa, wakati boti ingali wazi, kwa maana mkaguzi anaweza kutaka mambo ya uelezi (uwezo wa boti kuelea) na vifaa vya uokoaji ambayo ni rahisi kuyaweka kabla sakafu haijafungwa.

Mwambani_Tanga

Nawashukuru sana, nimefuata ushauri wenu wote na narudi na majibu.

Barua ipo, imesainiwa na aliyekuwa mwenye hoteli, na polisi hawana shaka na namba ya mashine. Mashine ilikuwa imesimama wima na kifuniko kipo, ila kimepasuka upande mmoja. Ndani ya silinda nimeona kutu nyembamba, hakuna chumvi. Nimetia mafuta, na jana jioni flaiwili imekubali kuzunguka duara zima. Oili ya gia imetoka ya rangi ya maziwa, lakini maji hayakutangulia. Geji ya kompresheni bado naitafuta.

Kwenye ubao, habari si nzuri. Matundu matatu ya chini yametoa uji mweusi, na moja lilidondosha maji kwa muda baada ya kutoa keekee. Lile la juu pembeni limetoa unga mkavu. Tumeinua pia kipande cha sakafu karibu na kiti cha nyuma: povu ni la rangi ya kahawia, ukilikamua mkononi maji yanachuruzika. Mihimili miwili inayokwenda kutoka tezi hadi omo chini ya sakafu, nimegonga, na ya upande wa kushoto inalia butu kwa kiasi cha hatua moja kutoka nyuma.

Muuzaji ameshuka hadi milioni 4 na nusu kwa vyote. Sasa naomba mnielekeze juu ya ubao wenyewe: nitumie mbao gani na rezini gani (gundi ya majimaji inayolowanisha faiba kisha ikaganda)? Duka la hapa lina poliesta kwa wingi, epoksi ni ya kuagiza Dar es Salaam na bei yake ni zaidi ya maradufu.

Seremala_wa_Majahazi

Kwa upande wa mbao nakushauri uachane na plaiwudi, ambayo ndiyo iliyooza. Chukua ubao mzima wa mvule uliokauka vizuri, au msaji ukiupata, uukate kwa umbo lilelile na uufunike kwa faiba. Vyombo vyetu vya mbao vimekaa baharini miaka mingi kwa mbao hizo bila rezini yoyote, zimepakwa sifa (mafuta ya samaki) na kupigwa kalafati (pamba ya kuziba maungio) tu. Sioni kwa nini boti ndogo ya faiba ishindwe kubeba mashine ya farasi 40 kwa ubao wa mvule.

Fundi_Faiba_Mtwapa

Mzee wangu Seremala, heshima yako naijua na mvule siwezi kuutukana. Lakini jahazi na boti ya faiba vinaishi kwa kanuni mbili zinazopingana. Jahazi hutaka ubao unywe maji, uvimbe, maungio yabane. Boti ya faiba hutaka ubao usionje maji kabisa maisha yake yote. Ubao mzima, hata wa mvule, hutanuka na kusinyaa kwa upana kila unyevu unapobadilika, wakati faiba iliyoushika haitanuki nao, kwa hiyo baada ya muda gundi kati yao huachia na maji hupata mlango. Plaiwudi tabaka zake zimepishanishwa, hivyo haichezi. Na msaji una mafuta ya asili ambayo ndiyo yanayoulinda baharini, lakini mafuta hayohayo huzuia rezini isishike. Plaiwudi ya zamani haikuoza kwa kuwa ni plaiwudi. Ilioza kwa sababu mtu alitoboa matundu ya bolti akayaacha bila kuyaziba.

Ndugu wa Tanga, tafuta plaiwudi ya baharini yenye alama ya BS 1088. Ukishindwa kuipata, chukua ile iliyogundishwa kwa gundi isiyoingia maji, ila usiamini muhuri peke yake: kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kikaushe, ukichemshe tena. Tabaka zikiachana, hiyo ni ya kutengenezea kabati. Ukague na ubavu wake, usiwe na mapengo ndani. Utagundisha shiti mbili za milimita 18 zipate unene wa karibu milimita 36, na ngozi za faiba zitakufikisha juu ya 40, kiasi ambacho mashine yako itakishika bila shida.

Kazi ifanyike kutokea ndani, ngozi ya nje ibaki kama ilivyo, ili umbo la boti lisipotee. Kata ngozi ya ndani kwa grainda ukiacha ukingo pembeni, chimbua uozo wote kwa patasi hadi ufikie faiba safi, kisha usage kwa msasa mnene mpaka pawe pakavu na penye mikwaruzo. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi, si kitambaa, na miwani. Ganda tupu likae juani huku limeinamishwa ili kila tone litoke. Kama masika yamekaribia, usifungue kazi hii bila banda, kwa sababu unyevu utakaofungia ndani ndio utakaokuozesha tena.

Kuhusu rezini nitasema wazi kwamba kwa kuunganisha kitu kipya na faiba ya zamani, epoksi inashika kuliko poliesta, na kama fedha ingekuwa si tatizo ningekuambia utumie epoksi tupu. Kwa hali yako, poliesta itafaa ukiwa makini, kwa kuwa boti yenyewe ilitengenezwa kwa poliesta. Usichokubali ni kuchanganya ovyo. Mati ya kawaida, ile shiti ya faiba ya nyuzi fupi, inashikiliwa na unga unaoyeyuka kwa stireni, kiyeyushi kilichomo ndani ya poliesta, na epoksi haina stireni, kwa hiyo mati hiyo itabaki ngumu na haitalowa vizuri. Ukitumia epoksi, nunua nguo ya faiba iliyofumwa. Na jelikoti ya poliesta haigandi vizuri juu ya epoksi, hivyo mwisho wake utakuwa rangi.

Hadina ya poliesta (dawa ya kuigandisha) kipimo chake ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya rezini. Kwa joto la Tanga kaa karibu na 1, lakini usishuke chini ya hapo ukidhani unajipa muda, maana rezini inaweza isigande sawasawa daima. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu ndoo iliyojaa hupata moto yenyewe na hata kutoa moshi. Hadina ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, kwa hiyo maji safi yawe karibu. Na kama duka linakuuzia kichapuzi cha kobalti kwenye chupa ya pembeni, hivyo viwili visikutane kamwe peke yao, hulipuka: kobalti ichanganywe kwanza ndani ya rezini mpaka ipotee kabisa, ndipo hadina ifuate.

Plaiwudi uilowanishe kwa rezini pande zote, hasa kwenye kingo ambako ndiko inakonywea maji. Kisha weka mati iliyolowa kwenye ngozi ya nje, paka juu yake uji mzito wa rezini iliyotiwa unga wa silika, na ubane plaiwudi kwa klampu na magogo mpaka uji utokeze pande zote. Usipotokeza mahali fulani, pana hewa hapo. Pembe ya ndani, ubao unapokutana na bodi, uizungushe kwa uji uleule, kwa maana faiba haikubali kukunjwa kwenye kona kali. Tabaka zitakazofuata, mati na nguo iliyofumwa kwa kupokezana, zipande juu ya bodi kwa sentimita 15 au zaidi, kila moja ikipita mwisho wa mwenzake. Mhimili wa kushoto uushughulikie kabla ya kufunga sakafu: kata kipande kilichooza, unga kipya, ufunike vilevile.

La mwisho upande wangu ni yale matundu. Kila bolti itakapopita, toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, likiganda ndipo utoboe tundu halisi katikati ya epoksi hiyo. Bolti ikija kuvuja, maji yatagusa epoksi wala hayatagusa mbao. Kopo dogo la epoksi litatosha kwa hili, na hapa usibane matumizi. Tundu la kizibo lifanyiwe hivyohivyo.

Mashine_Kilindoni

Kwa majibu hayo, milioni 4 na nusu kwa vyote viwili sioni kama ni bei mbaya, mradi geji isituambie vinginevyo. Ukiweza kumshusha kwa gharama ya sili za mguu na plaiwudi, mshushe.

Wakati fundi wako anahangaika na bodi, mashine iondolewe na kufungwa kwenye fremu ya mbao. Badilisha sili za shafti ya rafadha, impela ya pampu ya maji (feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza) na gasketi zake hata kama impela ya zamani inaonekana nzima, kwani mpira uliokaa umepinda miaka mingi haurudi tena. Safisha kabureta, tupa petroli yote iliyobaki kwenye tangi na mpira wake wa kusukumia. Fungua termostati uone kama njia za maji zimezibwa na chumvi. Oili iwe ya mashine za majini za mipigo miwili, yenye alama ya TC-W3, kwa uwiano wa 50 kwa 1, yaani nusu lita kwa tangi la lita 25. Siku ya kuiwasha, mguu uzame ndani ya pipa la maji baridi hadi juu ya pampu. Mashine isiwashwe kavu hata kwa sekunde chache za majaribio, kwa sababu impela mpya huungua hapohapo. Mchirizi wa maji usipotoka baada ya muda mfupi, zima.

Sasa jambo moja ambalo mafundi wa faiba husahau na sisi wa mashine ndio tunaolaumiwa. Kabla ubao wa zamani haujaondolewa, pima kimo chake kuanzia ukingo wa juu ambapo mashine inakaa hadi chini ya boti, katikati penyewe, na uandike. Mashine za kupachika hutengenezwa kwa miguu ya vimo tofauti, mfupi kwa ubao wa karibu inchi 15 na mrefu kwa ubao wa karibu inchi 20, na bamba la juu ya rafadha linapaswa kukaa takriban sawa na sakafu ya nje ya boti. Ubao mpya ukiinuka inchi mbili tu kwa sababu fundi alitaka kuusawazisha kwa macho, rafadha itavuta hewa kila unapokata kona, nawe utadhani gia imekufa. Ukishuka, mguu utaburuza maji bure. Pima pia mwinamo wake, kwa kuwa ubao wa tezi haujasimama wima kabisa: kata kipande cha kadibodi kifuate pembe kati ya ubao na sakafu, ukitunze mahali pakavu, na plaiwudi mpya ikishabanwa kwa klampu, kabla rezini haijaganda, kiweke tena hapo uone kama kinakaa.

Mwambani_Tanga

Nimepima asubuhi hii: inchi 20 na robo, na mguu wa mashine ni mrefu. Kadibodi nimeikata, nimeandika juu yake upande upi ni wa kulia. Geji nimeahidiwa Jumamosi na fundi mmoja wa Deep Sea hapa Tanga, nitaweka namba zake hapa zikipatikana.